Ini la Diriye

"Karatasi haifufui maiti, Shamso!"

"Maiti yupi? Huyu aliyekula anjera nne asubuhi akauliza kama zimekwisha?"

Jama alipiga fimbo yake chini, vumbi likaruka. Walikuwa wakigombana tangu jua lilipochomoza, mbele ya kibanda cha mikeka, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuchoka. Upande huu alisimama Shamso, mke wa Diriye, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya Tana akaitika. Upande ule alisimama Jama, kaka mkubwa wa Diriye, mrefu kama mlingoti, ndevu zake nyekundu kwa hina, mtu asiyezoea kujibiwa, tena na mwanamke. Kati yao alikuwapo Sugow, dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya Garissa, kaptura yake imepigwa pasi, barua mkononi. Na pale mlangoni, kivulini, Diriye mwenyewe alikuwa amekaa mkekani na shuka begani, akisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya Lul, binti wa Diriye na Shamso, aliyetimiza miaka kumi na mitano. Alasiri ya siku ile Jama alikusudia kumwoza kwa Noordin, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Bura. Lakini saa saba mchana msafara wa malori ungeondoka kwenda Nairobi ukilindwa na askari, na Lul alikuwa na nafasi katika shule ya sekondari ya wasichana huko Machakos. Alikuwa msichana pekee wa darasa lake aliyepita mtihani. Shule ilikwisha kufunguliwa juzi. Msafara mwingine ungekuja lini, hakuna aliyejua, kwa maana huu ulikuwa mwezi wa Januari 1967 na vita vya serikali na waasi vilikuwa katika mwaka wa nne. Watu wote walikuwa wamekusanywa ndani ya uzio wa miiba na waya. Mtu hakutoka getini bila kibali, na kibali cha mtoto kilitolewa kwa baba yake au walii wake, yaani msimamizi wake, basi.

Kwa miaka mitatu walii wa Lul alikuwa Jama.

Hakuunyakua uwalii huo, na Shamso, pamoja na hasira zake zote, hakuwahi kumsingizia hivyo. Mwaka 1964 Diriye, macho manjano kama kiini cha yai, tumbo limejaa maji mpaka kitovu kimetokeza, alibebwa kwa machela mpaka kwa kadhi. Akasema mbele ya watu kwamba ana maradhi ya mauti, na kwamba anampa kaka yake uwakala wa watoto wake na wanyama wake. Daktari wa hospitali moja kubwa ya Nairobi alikuwa ameingiza sindano ubavuni mwake, akatoa kipande cha ini chembamba kama uzi, akakitazama kwa darubini yake, akasema ini limejaa makovu. Miaka miwili, akijaliwa. Jama alilia siku ile hadharani, na tangu siku ile aliwalisha. Ngamia wake kumi na wanane walichukuliwa na askari kwa kukutwa malishoni nje ya mpaka, na bado aliwalisha.

Sasa miaka miwili ilikwisha kupita, na wa tatu juu yake. Maji ya tumbo yalikwisha kukauka. Macho yalikwisha kuwa meupe. Mwezi wa Novemba daktari aliyekuja Garissa kwa ziara alimbonyeza Diriye tumbo, akakunja uso, akambonyeza tena, kisha akampeleka Nairobi kwa gari la hospitali akachomwe sindano ya pili. Majibu yaliingia jana jioni na msafara huu huu uliokuwa ukisubiri kurudi.

"Soma tena," Shamso alimwambia Sugow.

"Nimesoma mara tatu, abaayo, dada yangu."

"Soma mara ya nne. Kuna mtu hapa masikio yake yana nta."

Sugow alikohoa. Barua ilikuwa ya Kiingereza naye aliifasiri kadiri alivyosoma. Daktari aliandika kwamba ameweka kipande cha kwanza na cha pili pamoja chini ya darubini. Katika kile cha kwanza, kamba nene za kovu zilikuwa zimelikatakata ini vipande vipande. Katika cha pili, kamba nyingi zimeyeyuka, zilizobaki zimekuwa nyembamba, na nyama nzuri ya ini imeota mahali pake. Aliandika kwamba wakubwa wake hawakusadiki mpaka walipoangalia kwa macho yao wenyewe, maana walifundishwa kuwa kovu la ini halirudi nyuma. Aliandika kwamba mgonjwa huyu si wa kufa kwa ini lake, ikiwa atashika sharti alilopewa.

"Sharti gani?" Jama aliuliza.

Sugow aliikunja barua. "Sharti la daktari na mgonjwa wake."

Shamso alitazama chini. Alilijua sharti hilo. Aliapishwa Msahafu na mumewe kwamba hatalitamka, na kwa mwanamke wa mdomo kama wake, miaka mitatu ya kunyamaza jambo moja ilikuwa kazi kubwa kuliko kuchota maji kwa kijiko.

Jama alimsogelea ndugu yake, akainama, akalifunua shuka. Ubavuni mwa Diriye, upande wa kulia, palikuwa na makovu sita ya duara, yamepangwa mawili mawili. Ni hapo waganga walipomchoma kwa kijiti cha moto mwaka ule macho yalipogeuka manjano, kama ilivyo desturi.

"Haya hapa," Jama alisema. "Mimi mwenyewe nilimshika mabega wakati anachomwa. Miaka mitatu imepita. Yamefutika? Nijibuni! Kidonda hupona, kovu halifutiki. Kama kovu la ngozi, linalopigwa upepo na kupakwa samli, halitoki, hilo la ndani gizani litatokaje?"

Majirani wawili watatu waliokuwa wakisikiliza nyuma ya mikeka waliguna kwa kukubali. Ilikuwa hoja nzuri. Hata Diriye aliyatazama makovu yake na kuitikia kwa kichwa, na jambo hilo ndilo lililomuuma Shamso kuliko maneno ya Jama. Mume wake alikuwa amepona, lakini alikuwa bado anakaa kama mtu anayesubiri sanda. Asubuhi alizunguka uzio mara kumi kwa sababu mkewe alimfukuza azunguke. Alikula bila chumvi kwa sababu mkewe aliificha chumvi. Alikunywa maziwa ya ngamia, akala maharage na mayai yaliyonunuliwa kwa wake wa polisi, kwa sababu sahani iliwekwa mbele yake na mtu akasimama juu yake mpaka ikawa tupu. Shamso alijivunia lile ini kama fundi anavyojivunia nyumba, wala hakuona haya kulisema. Ila mwenye nyumba hakutaka kuhamia.

"Ngozi si ini," alisema Sugow kwa upole. "Adeer Jama, niruhusu. Fisi akivunja uzio wako mahali, unafanya nini?"

"Naziba kwa miiba."

"Akirudi kesho?"

"Naongeza miiba."

"Kila usiku kwa miaka kumi?"

"Nitakuwa na kichaka, si uzio. Hata mbuzi wangu hawatapata pa kupita."

"Basi ndilo kovu la ini. Ini likiumizwa, linaziba kwa miiba. Likiumizwa tena, linaongeza, mpaka damu haipati pa kupita, maji yanajaa tumboni. Lakini yule fisi akiondoka kabisa, asirudi tena, kichaka kile kinapatwa na nini?"

Jama alijibu bila kutaka. "Mchwa."

"Mchwa wanakila kidogo kidogo. Na nyasi zinaota. Ngozi haina mchwa wa kutosha, ini linao. Si kila ini, adeer. Kichaka kikizeeka sana, mchwa hushindwa. La Diriye liliwahiwa."

"Maneno matamu," Jama alisema. "Hospitalini wanawafundisha mashairi siku hizi."

Wakati huo Dubow mchinjaji aliingia uani na sinia kichwani. Alikuwa mtu mnene wa kucheka ovyo, aproni yake ina damu ya tangu zama za gavana. Jama alikuwa amemwita alfajiri amchinje mbuzi wa harusi, naye, asiyejua kuna vita uani vikali kuliko vile vya nje, alikuja na maini juu ya sinia ili yakaangwe yangali na joto.

"Salaam aleikum! Maini ya bwana harusi! Nani ana sufuria?"

Shamso alitazama sinia. Kisha akatazama kichwa cha mbuzi kilichowekwa kando ya maini, akaona sikio la kushoto lililopasuka.

"Dubow, huyu ni mbuzi gani?"

"Yule mweusi wenu mwenye sikio bovu. Jama alinionyesha mwenyewe."

Shamso alicheka, kicheko kifupi kikavu. Akalitwaa lile ini kwa mikono miwili, likamchuruzikia damu mpaka viwiko, akaenda nalo mpaka mbele ya shemeji yake.

"Shika."

"Una wazimu, naa, mwanamke wewe?"

"Shika, mzee. Umechunga mbuzi maisha yako yote, utaogopa ini? Mbuzi huyu unamkumbuka? Mwaka juzi tulipokuwa tukichungia kando ya mto alivimba chini ya taya kama amemeza chungwa. Wewe mwenyewe ulisema hafiki mwezi. Ulisema achinjwe tuokoe ngozi."

"Nakumbuka," alisema Jama. "Alikuwa na minyoo ya ini."

"Bwana wa mifugo akamnywesha dawa ya minyoo, tukamwondoa mtoni kwenye majani ya maji. Hiyo ni miaka miwili. Sasa bonyeza."

Dubow, aliyeanza kuelewa, alisogea. Mambo ya maini hakuna aliyemshinda. "Mwaka ule nilichinja wenzake saba wa mto ule," alisema. "Wallahi, kisu kilikuwa kinalia ndani ya ini kama kinakata mchanga. Magumu! Meupe kama tumbo la samaki. Niliyatupa, hata mbwa walisitasita."

Jama alibonyeza kwa kidole gumba. Ini liliingia ndani, likarudi, laini, jekundu jeusi. Akaligeuza. Upande wa chini palikuwa na mistari myeupe myembamba, mitatu au minne, kama nyuzi za kushonea.

"Mistari hii," alisema Dubow, "ndipo minyoo ilipopita. Kovu lilikuwa hapa, nene kama kidole. Limebaki uzi. Nimeona si mara moja, Jama. Mbuzi aliyepona minyoo ukimchinja mwezi ule ule, ini ni jiwe. Ukimwacha misimu mitatu minne, ini linarudi kuwa ini."

"Na hujawahi kuniambia?"

"Hujawahi kuniuliza. Wewe unaniuliza bei tu."

Nyuma ya mikeka mtu alicheka. Jama hakucheka, lakini aliendelea kulibonyeza lile ini, mara tatu, mara nne, na Shamso akaona uso wake unalegea. Alimpenda ndugu yake, hilo halikuwa na shaka. Alitamani iwe kweli. Shamso akafikiri: tumeshinda, Lul afunge mizigo.

Kisha Jama akainua macho, naye hakuwa mjinga.

"Mbuzi alikuwa na minyoo, na minyoo ikatolewa," alisema polepole. "Sawa. Nimesadiki mbuzi. Fisi akaondoka, mchwa wakala uzio. Sawa, Sugow, nimesadiki uzio. Sasa niambieni: fisi wa Diriye alikuwa nani?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Waganga walisema ni jicho la husuda. Sheikh alisema ni mtihani wa Mungu. Daktari alisema nini? Hakuna aliyeniambia. Kama hatujui kilichomla, tunajuaje kwamba kimeondoka? Leo nimwache binti apande lori, Diriye aanguke mwezi wa tatu, Noordin awe amekwisha kuoa kwingine. Mimi sina ngamia hata mmoja. Nitamlisha nini mjane na watoto? Lori moja lililipuliwa na bomu la ardhini kabla ya Habaswein wiki iliyopita."

"Machakos haiko njia ya Habaswein," alisema Shamso, lakini sauti yake ilikuwa imepungua, maana swali lile lilikuwa la haki.

"Nipe jibu, shemeji. Wewe una jibu la kila kitu. Fisi alikuwa nani?"

Shamso alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale ulimini, limekaa miaka mitatu, neno moja tu. Akamwona Lul amesimama pembeni ya kibanda, sare mpya ya shule mikononi imekunjwa mara nne, akimtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu mwenye ufunguo. Shamso aliufunga mdomo. Aliapa, na kiapo hakina mlango wa nyuma. Aliuma midomo mpaka ikauma kweli.

Sugow aliitia barua mfukoni.

Ndipo Diriye akasema, "Pombe."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la kituo ambapo lori limesimama. Kisha akainuka, akaliacha shuka mkekani.

"Nilikuwa dereva miaka kumi na miwili, Jama. Garissa, Thika, Nairobi. Thika palikuwa na chumba nyuma ya gereji. Mwanzo chupa moja kwa safari, kwa ajili ya usingizi. Halafu mbili. Halafu nilikuwa nakunywa ili mkono usitetemeke kwenye usukani. Nikivuka daraja natafuna karafuu, naoga mtoni, naingia nyumbani na kusimama nyuma yako katika sala. Daktari aliniambia siku ile ile: hakuna jini, hakuna husuda, ini lako umelichoma wewe. Ukiacha leo, Mungu anajua. Ukionja tena, umekwisha. Hilo ndilo sharti."

Jama alibaki na ini la mbuzi mkononi. Damu ilimdondokea kwenye viatu asiione.

"Tangu lini hujaonja?"

"Tangu siku ile. Tone halikupita. Mwanzo nilitetemeka siku nne, nikaona ngamia wanapanda ukutani. Shamso alinifunga kwa kamba ya mzigo."

"Kweli," Shamso alisema. "Na fundo lilikuwa zuri."

"Watu wamekaa huko nyuma," Jama alisema kwa sauti ya chini, "wanasikia. Mungu alikusitiri miaka yote hiyo, walaal, ndugu yangu. Kwa nini unajivua mwenyewe?"

"Kwa sababu sitara hiyo inamla binti yangu."

Jama alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na hasira pia. "Nilikuombea mbele ya msikiti mzima. Niliwachangisha watu kwa ajili ya waganga. Niligombana na ukoo wa jirani, nikisema wamekutupia jicho! Mzee wao hadi leo hanisalimu."

"Nitakwenda kwake nimwombe radhi. Yeye, na wewe. Kwako naanza sasa." Diriye alimwinamia kaka yake, akambusu bega. "Ulibeba nyumba yangu wakati mimi nimelala. Hakuna ndugu aliyefanya zaidi. Nilikubali kuwa maiti, Jama, kwa sababu maiti haulizwi kitu. Ilikuwa rahisi. Huyu mwanamke alipika, akanizungusha uani kama punda wa kinu, mimi nilifikiri anajidanganya. Sasa nimesikia barua mara nne na nimeona ini la mbuzi. Nimechoka kufa."

Shamso aligeuka upande. Alijifanya anatafuta maji ya kunawa damu. Miaka mitatu alijihesabia kwamba ni yeye aliyelitengeneza lile ini, yeye na sufuria zake. Sasa aliona wazi kitu alichokijua bila kukiweka mahali pake: chumvi angeweza kuificha, chupa asingeweza. Kila malori yalipokuja, madereva waliofanya kazi na Diriye zamani walipita kumsalimu, mifuko yao mizito. Siku zote hizo mtu aliyesema hapana alikuwa Diriye, peke yake, kimya, bila wa kumpigia makofi. Angeolewa na mtu huyu tena, leo leo, na kwa mahari angedai ngamia wachache kuliko mara ya kwanza.

"Sugow," Diriye alisema. "Dubow. Nyinyi ni wawili, ni Waislamu, mna akili timamu, ingawa Dubow tunamsamehe kidogo."

"Alhamdulillahi," alisema Dubow.

"Shuhudieni. Nilisema mbele ya kadhi kwamba nina maradhi ya mauti. Si kweli tena. Uwakala niliompa ndugu yangu Jama juu ya watoto wangu, nimeuondoa. Ameusikia kwa masikio yake. Walii wa Lul ni mimi."

"Tumeshuhudia," walisema wote wawili.

Wote walimtazama Jama. Angeweza kupiga kelele, angeweza kwenda kwa kadhi, akasema mlevi hafai kuwa walii, na kesi ingechukua wiki, na wiki moja ingetosha kumnyima Lul kila kitu. Alijua hivyo. Alilitazama ini mkononi, akalirudisha kwenye sinia taratibu, akajifuta kwa kanzu yake nyeupe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani.

"Noordin yuko njiani kutoka Bura," alisema. "Nani atamweleza?"

"Mimi," alisema Diriye.

"Wewe utakuwa getini. Saa saba inakaribia, na yule koplo hafungui mara mbili." Jama alivuta pumzi. "Nitamweleza mimi. Nitamwambia baba wa msichana amefufuka. Atakula maini, atapoa."

"Adeer," Lul alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile. Alikwenda kumbusu mkono wa baba yake mkubwa. Jama aliuondoa mkono haraka, akamwekea kichwani badala yake.

"Usirudi na Kiingereza tupu," alimwambia. "Rudi na kazi."

Lul aliingia kibandani na kutoka amevaa sare, ushungi mweupe kichwani, kola haijakaa sawa. Shamso aliirekebisha, akaivuta mno, akairekebisha tena. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga kwa ajili ya siku hii: juu ya kuandika barua, juu ya kula kilichoandaliwa bila kuchagua, juu ya wavulana. Yote yaliyoyoma.

"Mama yako alifundishwa kusoma na mke wa mhandisi wa barabara, jikoni, kwa gazeti la kufungia sukari," alisema mwishowe. "Wewe una darasa lenye madirisha. Ukishika nambari mbili nitakuja huko mwenyewe."

"Ndiyo, hooyo."

Sanduku la bati lilikuwa zito. Shamso aliinama kulishika na Diriye akamtangulia, akalitupa begani kwa pigo moja, kama zamani alivyokuwa akitupa magunia ya sukari. Shamso alifungua mdomo kumkataza, kwa mazoea. Akaufunga. Mara ya pili siku ile, na hii haikuuma.

Wakakata njia katikati ya vibanda, Diriye mbele, Lul nyuma yake, Shamso na Sugow wa mwisho. Watu walitoka kutazama. Habari ilikuwa imewatangulia, kama kawaida ya kijiji kilichofungiwa ndani ya uzio, na Shamso alisikia neno "pombe" likirushwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Aliinua kidevu. Waseme. Mwenye kuanguka wote wanamwona. Kuinuka kwake ndiko alikotaka wakuone vizuri, kwa hiyo alitembea polepole.

Getini malori sita yalikuwa yamepangwa, injini zinanguruma, askari juu na bunduki. Koplo wa polisi, mtu wa bara mwenye jasho na haraka, alikuwa na daftari juu ya pipa la mafuta.

"Jina la mtoto?"

"Lul binti Diriye."

Koplo alishusha kidole kwenye orodha. "Yupo. Walii wake Jama. Jama yuko wapi?"

"Jama hana tena uwalii. Mimi ndiye baba."

"Hapa pameandikwa baba mgonjwa, hawezi kusimama." Koplo aliinua macho, akamtazama mtu mrefu aliyesimama mbele yake na sanduku la bati begani. "Nani aliandika huu upuuzi?"

"Mimi," alisema Diriye. "Nilikuwa nimekosea."

Sugow alitoa barua ya hospitali yenye mhuri. Koplo aliusoma mhuri, si barua, akakata mstari kwa kalamu na kumsukumia daftari. Diriye alitua sanduku, akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa za dereva aliyejifunza kuandika kwa kutazama ubao wa majina ya barabara. Mkono haukutetemeka.

Lul alikwea lori la tatu. Taniboi alipokea sanduku. Diriye alizunguka, akapiga teke tairi za nyuma moja baada ya nyingine, akainama kutazama chini ya gari, akamwambia dereva kwamba breki ya kushoto inavuja na asiteremke kilima cha Mwingi kwa gia kubwa. Dereva alitaka kucheka, akamtazama, akasema, "Ndiyo, mzee."

Geti lilifunguliwa. Malori yaliingia barabarani moja moja kuelekea darajani, na la tatu lilipopita Lul alisimama juu ya magunia akishika kamba kwa mkono mmoja. Shamso hakupunga. Alimshika mumewe kiwiko, hapo mbele ya koplo na watu wote, wakasimama hivyo mpaka lori lilipovuka maji.